Keja Yako Buru Haipati Mtu? Cheki Picha Zako Kwanza

Una bedsita Buruburu, umeposti WhatsApp na Facebook, lakini wasee wanauliza tu "how much?" kisha wanapotea. Shida inaweza kuwa ni post yako.

Buru ilijengwa kwa phase tano kuanzia miaka ya 1970, nyumba za familia zenye vigae vyekundu. Siku hizi ploti nyingi zimeongezewa vyumba vya rent, so keja yako inashindana na za majirani.

Picha: piga mchana, pazia wazi, ukisimama kwenye kona. Toa ndoo na nguo. Onyesha jikoni, choo, mita ya stima na geti. Ukificha choo, mtu anajua kuna noma. Na usiibe picha za Kilimani. Akifika atakuona tapeli na atarudi na mat ya 58.

Maandishi: "Nyumba poa, serious people only" haisemi kitu. Andika phase, rent, deposit, kama token ni zake, maji huja siku gani na kama kuna tanki.

Wasee wengi washakulwa viewing fee ya keja hewa. Wewe sema ukweli mapema, mtu aje akiwa ameshaamua.