Uongo Unaolishwa Kila Wiki

Mwanamume mmoja mnene anaaga nyumbani Nairobi amevaa suti. Mkewe Wilbroda anaamini kwamba mumewe ana kazi nzuri ya ofisini. Kufika kazini, bwana huyo anavua suti, anavaa sare ya ubawabu na kwenda kufungua geti. Jioni suti inarudi mwilini. Huku Masisi, mashariki ya Kongo, tungemwita sentineli na tungemcheka vilevile, maana nani asiyemjua mtu wa namna hiyo? Hicho ndicho kiini cha Papa Shirandula, kipindi kilichorushwa na Citizen TV ya Kenya kuanzia 2007 hadi 2020. Miaka 13 kwa uongo mmoja.

Aliyekibuni, akakitayarisha na tena akacheza nafasi ya bawabu mwenyewe ni Charles Bukeko. Alitokea kwenye jukwaa la tamthilia. Wako waliomjua kwanza kwa tangazo la soda lililozunguka nchi nyingi za Afrika, mwili mzima ukimtetemeka kwa ubaridi wa chupa. Alicheza pia katika filamu The Captain of Nakara ya 2012, kisa cha raia anayevaa magwanda ya kapteni na watu wote wakamtii. Huku kwetu kisa hicho hakichekeshi haraka hivyo.

Ukimtajia mtu neno mtayarishaji, atamfikiria mwenye fedha aliyeketi pembeni. Fedha zimo kweli, nitazifikia. Lakini kwenye vichekesho vya mfululizo kazi yake ya kwanza ni kuutunza ule uongo. Kila wiki siri lazima ikaribie kutoboka, kisha iokolewe dakika za mwisho. Wilbroda akigundua leo, kutakuwa na machozi, kusameheana, na wiki ijayo hakuna cha kuonyesha. Waandishi ndio huchoka mapema. Msimu wa pili tu wanataka mke ajue, bawabu apandishwe cheo, wahamie mtaa mwingine. Mtayarishaji anawakatalia, halafu anawapa njia ya kuulisha uongo bila kuuchinja: mwenzake wa getini anayejua yote na anayetaka kununuliwa bia ili anyamaze, shemeji anayekuja kutafutiwa kazi na huyu “bosi”, jirani mwenye mdomo mrefu.

Wakenya walikuwa na mitambo ya namna hii kabla ya Bukeko. Vioja Mahakamani ilitegemea korti: kila wiki mshtakiwa mpya, kesi mpya, na kiti cha hakimu palepale. Mtambo kama huo hauishiwi mafuta, kwa sababu watu hawaachi kukosana. Vitimbi ilitegemea ndoa ya Mzee Ojwang’ na Mama Kayai. Benson Wanjau, aliyekuwa Ojwang’, alikuwa Mkikuyu aliyezungumza Kiswahili kwa lafudhi ya Kijaluo miongo na miongo, hadi alipofariki Julai 2015 na wengi wakashangaa kusikia jina lake la ukoo. Lafudhi ile peke yake ilitosha kuwa nusu ya mchezo.

Tuje kwenye hesabu. Angalia kipindi chochote cha aina hii uhesabu mahali wanapochezea: sebule, geti, kilabu cha pombe, labda na ofisi. Mahali pane basi. Taa zikishafungwa sebuleni, zinabaki hapo, na maonyesho ya sebuleni ya vipindi vitatu yanapigwa kwa mpigo. Ndiyo maana mchezaji anaweza kulia asubuhi kwa kisa cha wiki ijayo na baada ya chakula akacheka kwa kisa cha mwezi ujao, akibadilisha shati tu. Kuna mtu mmoja ambaye kazi yake ni kukumbuka shati lipi lilivaliwa wapi. Asipokumbuka yeye, watazamaji watamkumbusha.

Mchezaji akiondoka, pengo linazibwa kwa mkono wa mwandishi: amekwenda kijijini kuuguza mama. Kijiji cha vichekesho kinameza watu wengi. Lakini hakuna kijiji kinachoweza kummeza mhusika mkuu, hasa akiwa ndiye mtayarishaji pia. Bukeko alifariki tarehe 18 Julai 2020, siku za korona, na kipindi kikakoma pamoja naye.

Kuhusu mali, somo kongwe zaidi liko Marekani. Mwaka 1951 Desi Arnaz na mkewe Lucille Ball walitaka I Love Lucy ipigwe kwa filamu huko Hollywood, kwa kamera tatu mbele ya watazamaji walioketi ukumbini. Gharama zilipopanda, walikubali malipo yao yapunguzwe, wakadai kitu kimoja: filamu zibaki mali ya kampuni yao. Wakati ule marudio ya kipindi hayakuonekana kuwa na thamani. Miaka michache baadaye televisheni ya CBS ilizinunua filamu hizo kwa mamilioni ya dola. Kwa upande wetu, waulize wachekeshaji akina Joti na Masanja wa Tanzania. Walipohama televisheni ya EATV kwenda TBC, jina la kipindi chao, Ze Comedy, halikuhama nao, wakalazimika kujiita Orijino Komedi. Vichekesho ni vyao, sura ni zao, jina si lao.

Sasa tufikirie kutengeneza kipindi kama hivyo Kashuga, huku kwetu Masisi. Ukitoka Mweso kuelekea Kalembe unaipita; pamekuwa na kambi za watu waliohama makwao. Umeme ni wa paneli au jenereta, na chombo kikubwa bado ni redio. Kwa hiyo mchezo wa mfululizo ambao mashariki ya Kongo umechunguzwa kwa karibu ulikuwa wa redio: Kumbuka Kesho, wa shirika la La Benevolencija lenye makao Uholanzi, uliotungwa ili watu wavumiliane. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck aliufuatilia kwa mwaka mzima na kuchapisha matokeo 2010. Sehemu fulani zilipata mchezo peke yake. Sehemu nyingine ziliongezewa, baada ya mchezo, kipindi cha kuwahimiza wasikilizaji wajadiliane. Wale wa mjadala walizungumza zaidi kweli, ila uvumilivu wao ulikuwa mdogo kuliko wa wenzao, na utayari wa kuwasaidia wasiowapenda ulikuwa mdogo pia.

Mimi nayasoma matokeo yale kwa jicho la mtu wa vipindi. Mchezo unampa msikilizaji jirani wa kubuni ambaye anaweza kumkasirikia au kumcheka bila gharama. Ukifungua mjadala mara tu mchezo ukiisha, jirani wa kubuni anageuka jirani wa kweli, mwenye shamba na ng’ombe na yaliyotokea mwaka fulani. Bukeko hakuwahi kumleta mtaalamu baada ya kipindi atueleze madhara ya kumdanganya mke.

Basi kijana wa Kashuga akija na wazo lake, nitamuuliza uongo wake ni upi. Mmoja unanijia mwenyewe: mwendesha chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, aliyewaambia wakwe zake kwamba ni dereva wa lori. Kila siku ya soko anaficha chukudu nyuma ya nyumba ya rafiki, anapaka oili kidogo kwenye viganja, anatembea hadi kwa baba mkwe akilalamikia bei ya mazuti. Mahali pane panatosha: nyumba ya wakwe, soko, ukumbi wa video, barabara yenye matope. Rafiki mwenye nyumba anajua siri na anapenda nyama choma. Siku moja baba mkwe ana magunia ya maharage ya kupeleka Goma, naye anataka lori la mkwewe.

Hilo tunaweza kulipiga hata kwa simu mbili. Tatizo ni sauti. Masisi mvua haibishi hodi, na nyumba ya wakwe imeezekwa mabati. Mara tu baba mkwe anapofungua mdomo kuuliza lori liko wapi, mawingu nayo yanafunguka, na maneno yote yanapotea. Kwanza ningetafuta pesa za dari.