Risasi ndani ya masasi: ipakwe nta ao poda, sumu ni ile ile

Kwa Kiswahili, neno risasi lina maana mbili: ni kile kinachotoka kwenye bunduki, na ni madini mazito ya rangi ya majivu ambayo huku mashariki wengi wanaita plombo. Haikutokea bure. Tangu zamani masasi yanatengenezwa kwa plombo sababu ni nzito, ni laini, na inayeyuka kwenye joto la digrii 327 tu.

Huko Marekani, sheria inaruhusu raia kujaza tena maganda ya masasi yaliyokwisha kupigwa. Wengi wanafanya hivyo kwa bastola za mchezo wa shabaha, na kati yao kuna mabishano ya siku nyingi: vichwa vya plombo vipakwe nta, ao vifunikwe kwa poda?

Juu ya nini vipakwe?

Plombo tupu ikipita ndani ya mtutu, inasuguana na chuma, na gesi ya moto inaila pembeni. Vipande vyake vinaganda ndani, mtutu unachafuka, shabaha inapotea.

Njia ya zamani ni kujaza nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta kwenye mifereji midogo inayozunguka kichwa cha risasi. Bei yake ni ndogo na watu wameizoea. Lakini nta ikiungua inatoa moshi mwingi. Tena inanata: vumbi linashika, mikono inachafuka.

Njia mpya ni kupaka poda ya rangi, kisha kuoka kwenye joto la digrii karibu 200 mpaka ngozi ngumu ishike pande zote, hata chini. Moshi unapungua, na vidole havigusi plombo moja kwa moja. Lakini ngozi ikipakwa vibaya inabanduka, na tabu ya mtutu inarudi.

Kwa usafi, basi, poda inashinda. Na kwa afya?

Ngozi haiondoi sumu

Risasi ikigonga chuma inapasuka, iwe na ngozi ao hapana, na vumbi la plombo linaruka. Dawa ya kuwashia iliyo chini ya ganda, kwa kawaida, nayo ina plombo. Na kabla ya kupaka chochote, kuna mtu aliyeyeyusha ile plombo kwanza.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema hakuna kiasi cha plombo kinachojulikana kuwa hakina madhara. Inaharibu ubongo, figo na damu, na inapita kwa mama mjamzito mpaka kwa mtoto tumboni. Mtoto mdogo akiimeza, mwili wake unaweza kunyonya mara 4 mpaka 5 kuliko mwili wa mtu mzima.

Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar nchini Senegal, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008. Bunduki haikuhusika. Watu walikuwa wanatafuta plombo ya batri za gari ili waiuze, na vumbi likaingia mpaka ndani ya nyumba.

Njo maana habari hii haiwahusu wapiga shabaha peke yao. Mwenye kuvunja batri, ao kuyeyusha plombo ya kuzamisha nyavu, anashika sumu ile ile.

Cha kufanya

Plombo isiyeyushwe nyumbani wala ndani ya sufuria ya chakula. Kitambaa mdomoni hakizuii moshi wake. Mfanyakazi anawe mikono kwa sabuni mbele ya kula, na avue nguo za kazi mbele ya kumbeba mtoto. Vumbi lipanguswe kwa kitambaa chenye maji, lisifagiliwe kavu. Mwenye mashaka aulize hospitali kuhusu kupima damu, sababu dalili zinaweza kuchelewa.

Na mtoto akiona masasi chini, asiyaguse, asiyapige jiwe, asiyatie motoni. Aite mtu mzima.