Mimea ya Majini na Viumbe Wadogo Wakaao Ndani Yake

Wazee wa vijiji, walimu na wasomaji wetu wa Kibondo na Kasulu, mtu ashukapo bondeni kuteka maji hutazama kama maji ni meupe au yamevurugika, lakini ni mara chache kugeuza jani lielealo aone kilicho chini yake. Humo wamo konokono, ruba, kaa wadogo, viluwiluwi vya mbu na watoto wa kereng'ende, viumbe wasio na mifupa. Leo twataka kueleza jinsi mimea ya majini iwezavyo kuwaneemesha au kuwaangamiza. Wala si habari ya kupitisha wakati, maana konokono ndiye amleaye mdudu wa kichocho.

Kwanza ifahamike ya kuwa viumbe wa majini nao hupumua. Mmea upatapo jua hutoa ndani ya maji ile hewa iitwayo oksijeni. Usiku hautoi, bali huivuta kama sisi. Kwa hiyo hewa ya majini huwa haba kabisa wakati wa alfajiri. Mahali penye mimea ya kadiri hapana dhara. Shida huja pale mwani unapozidi, yaani mimea midogo mno igeuzayo maji kuwa ya kijani mfano wa mchuzi wa kisamvu. Mwani huu hustawi maji yakitulia, jua likiwa kali, na samadi au mbolea ikichukuliwa na mvua toka mashambani hadi bwawani. Huzuia nuru isifike chini, kisha hufa kwa wingi na kuoza, na vijidudu viozeshavyo humaliza hewa iliyobaki.

Hapo ndipo viumbe hutengana. Watoto wa wadudu wakaao chini ya mawe penye maji ya kasi, waliozoea hewa tele, hufa mapema. Vijidudu vichujavyo maji ili kupata riziki, ambavyo ni chakula cha samaki wachanga, huzibwa na nyuzi za mwani. Tena mwani wa rangi ya kijani na buluu una aina zenye sumu. Sumu hiyo yaweza kuua ng'ombe na kudhuru watu, wala haiondoki kwa kuchemsha maji. Neno hili walimu na walishe shuleni, kwa kuwa wengi hudhani moto hutakasa kila kitu.

Lakini wako wasioona taabu. Funza wekundu wa matopeni wana damu ishikayo hewa hata ikiwa kidogo. Viluwiluwi vya mbu huvuta pumzi kwa mrija juu ya maji. Na konokono wa kichocho ana kitu mfano wa pafu, naye huja juu kupumua. Basi maji yaliyoharibika huwafukuza wengine akabaki yeye, naye hula utando wa mwani na kutaga mayai yake juu ya majani ya majini. Mgonjwa akijisaidia majini au kando yake, mayai ya kichocho huanguliwa, kijidudu humwingia konokono na kuzaana ndani yake. Baada ya majuma kadhaa hutoka vingi mno, hasa mchana jua likiwaka, navyo hupenya ngozi ya mtoto aogaye.

Ziwa Victoria limeyaona haya kwa ukubwa. Gugu maji, mmea wa asili ya Amerika ya Kusini, lilionekana ziwani humo yapata mwaka 1989, na kabla ya mwaka 2000 lilikuwa limefunika maelfu ya hekta. Chini ya blanketi lile hewa ilipungua, na kandokando yake konokono walipata makao. Waliosaidia kulipunguza ni wadudu wadogo walao gugu hilo, walioanza kuachiliwa ziwani mwaka 1995.

Kwetu mmea mkuu ni mafunjo. Mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi, yenye eneo la kilometa za mraba 32,500, yaliandikwa mwaka 2000 kuwa ardhi oevu ya kwanza ya Tanzania katika orodha ya Mapatano ya Ramsar. Katikati ya mafunjo yaliyosongamana maji ni meusi na hewa ni kidogo, lakini pembezoni mwake wadudu wa majini ni wengi, na samaki huwafuata. Tena mafunjo huzuia tope lisishuke na mto hadi Ziwa Tanganyika. Wako wasemao bwawa lote lichomwe moto ili konokono waishe. Sisi hatukubaliani nao hata kidogo. Kichocho hakiambukizwi pale asipofika mtu.

Lililo jema ni kusafisha mahali pa kutekea na kuogea tu. Huko Senegal wataalamu walijaribu hivyo kwa miaka mitatu katika vijiji 16, na habari yake ilichapishwa mwaka 2023: watoto wa vijiji visivyosafishwa walipata kichocho cha matumbo karibu mara moja na nusu kuliko wenzao. Majani yaliyotolewa yalifanywa mboji ya mashamba na chakula cha mifugo. Dawa ya prazikwanteli huua wadudu walio mwilini, lakini haimkingi mtoto arudipo majini kesho yake, wala haikai badala ya choo.

Kazi hiyo ifanywe asubuhi, kwa reki ya mpini mrefu, mtu akiwa ukingoni au amevaa mabuti. Majani yasikatwe na kuachwa yaelee, kwa sababu yataoza na kumaliza hewa kama mwani ufanyavyo. Yatolewe yote, yakarundikwe mbali na maji, mahali ambapo mvua haitayarudisha, maana konokono aweza kuishi siku nyingi pakavu akingoja maji.