Mkwawa, samurai na kifo cha heshima

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

NI safari ya kilomita zipatazo 260 kutoka Makole, jijini Dodoma, kupitia Mtera hadi Iringa. Nje kidogo ya mji huo, katika kijiji cha Kalenga, kuna jumba la makumbusho linalohifadhi fuvu la kichwa la Mtwa Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga, anayejulikana na wengi kwa jina la Mkwawa.

Kila anayelitazama fuvu hilo hurudi na swali moja. Kwa nini mtawala aliyepigana na Wajerumani kwa miaka saba aliielekeza risasi yake ya mwisho kwake mwenyewe?

Swali la namna hiyo limeulizwa pia kuhusu samurai, wapiganaji wa Japan ya kale. Maadili yao, yajulikanayo kama bushido, yalimtaka mpiganaji awe tayari kufa wakati wowote, na aione aibu kuwa mbaya kuliko mauti. Samurai aliyeshindwa vitani, au aliyehukumiwa, aliweza kujipasua tumbo kwa upanga mfupi, tendo liitwalo sepuku.

Mara nyingi tendo hilo lilifanywa kwa amri. Mwaka 1703 samurai 46 waliolipiza kisasi cha bwana wao waliamriwa na serikali kufa kwa njia hiyo. Waliruhusiwa kujiua wenyewe kwa sababu hiyo ilihesabiwa kuwa heshima, tofauti na kuuawa kama wahalifu. Japan iliiondoa adhabu hiyo katika sheria zake mwaka 1873.

Kwa Wahehe hapakuwa na kanuni iliyoandikwa wala amri kutoka juu, kwani Mkwawa ndiye aliyekuwa mkuu. Ili kuuelewa uamuzi wake, ni lazima kutazama yaliyowapata viongozi wengine waliotiwa mikononi na Wajerumani.

Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya pwani, alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mtemi Isike wa Unyanyembe, ngome yake ya Tabora ilipozidiwa Januari 1893, alilipua ghala la baruti alimokuwa na jamaa zake. Wajerumani walimkuta angali hai, wakamnyonga. Mpangile, ndugu wa Mkwawa aliyewekwa na Wajerumani wenyewe kuwatawala Wahehe, aliuawa nao mwaka 1897 baada ya muda mfupi tu madarakani.

Mkwawa mwenyewe alikuwa adui wasiyemsahau. Agosti 17, 1891, huko Lugalo, jeshi lake lilimuua kamanda Emil von Zelewski na askari wake karibu 300. Wajerumani walirudi na mizinga, na Oktoba 30, 1894 wakaiteka Kalenga. Mkwawa aliponyoka, akapigana vita vya msituni kwa karibu miaka minne, huku kichwa chake kikitangaziwa zawadi ya rupia 5,000.

Julai 19, 1898, akiwa mgonjwa na akiwa amebaki karibu peke yake, alizingirwa Mlambalasi. Alijipiga risasi kabla askari hawajamfikia.

Hapo ndipo tofauti yake na samurai inapoonekana. Samurai wengi walijiua kwa kuitii mamlaka iliyokuwa juu yao. Mkwawa alijiua kwa kuikataa mamlaka iliyotaka kumweka chini yake. Aliwanyima Wajerumani nafasi ya kumfunga kamba, kumhukumu na kumnyonga mbele ya watu wake.

Wajerumani walilielewa jambo hilo. Walipoukosa mwili ulio hai, walikikata kichwa cha maiti, na fuvu likaishia Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliiagiza Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa Uingereza. Hata hivyo, lilirejea Kalenga mwaka 1954 tu, lilipokabidhiwa na Gavana Edward Twining kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi. Huyo ndiye aliyekuja kuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi baada ya Uhuru.

Pamoja na hayo, sifa za shujaa zisifunike gharama zake. Katika vita hivyo Wajerumani walichoma vijiji na kuharibu chakula, na waliokufa njaa hawakuulizwa kama walitaka kufa kwa heshima. Hapa Ugogo nako, kabla ya Wajerumani, majeshi ya Wahehe yalijulikana kwa uvamizi na kupora ng'ombe. Heshima ya mpiganaji huonekana tofauti kwa yule aliyevamiwa.

Wala kisa hiki si cha kumfundisha kijana wa leo kwamba kujiua ni jibu la aibu, deni au kushindwa. Mkwawa hakukimbilia kifo. Alikikwepa kwa miaka saba, akijenga ngome, akihama, akijipanga upya, na risasi ile ilikuja pale tu njia nyingine zote zilipokuwa zimefungwa.

Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Kwa Mkwawa, moyo huo ulionekana zaidi katika miaka aliyokataa kusalimu amri kuliko katika dakika ile moja ya Mlambalasi.