Mwandikaji wa Mezani

Napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu habari za kazi ambayo baadhi yenu mtaifanya siku moja, hata kama leo hamuitamani. Ni kazi ya mwandikaji, yaani mhudumu wa mezani. Mimi niliifanya miaka miwili mjini Kigali baada ya kumaliza shule, kabla ya kupata nafasi ya kuendelea na masomo. Vijana wengi hupita njia hiyo, kwa kuwa mkahawa hauulizi shahada. Wataka miguu yenye nguvu na ulimi wenye adabu.

Mkahawa huo ulikuwa Biryogo, huko Nyamirambo. Ni mtaa wa Waswahili tangu zamani, na watu wake waliagiza chai na chapati kwa Kiswahili miaka mingi kabla Kiswahili hakijafanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Mwaka 2021, wakati wa Uviko-19, baadhi ya njia za mtaa huo zilifungwa kwa magari ili mikahawa ipate kuweka meza nje, watu wasikae wamebanana. Kwa waandikaji hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Nchi ilipofungwa mwezi wa Machi 2020, wengi walikaa nyumbani bila mshahara, na baa hazikuruhusiwa kufunguliwa tena mpaka Septemba 2021.

Sasa nieleze jinsi kazi inavyokwenda, maana mteja huona sehemu yake ndogo tu. Mkahawani mna mwenye mali, msimamizi, mpishi, mchoma nyama, muosha vyombo na mtunza fedha. Lakini anayefika mezani ni mwandikaji peke yake. Kwa hiyo kosa la mtu yeyote kati ya hao, mteja humdai yeye.

Tuchukue mfano wa mishikaki ya mbuzi, ambayo watu wa Kigali huiita burusheti. Mahali pengi nyama haiwekwi motoni mpaka iagizwe. Samaki mzima wa kuchoma aweza kuchukua muda wa saa moja, wala mteja mwenyewe asingependa kuletewa aliyechomwa tangu asubuhi. Hata hivyo, baada ya dakika 20 huanza kugonga meza kwa uma. Mwandikaji hawezi kuuongezea mkaa moto kwa kukimbia. Awezalo ni kumwambia mteja tangu mwanzo muda wa kungoja, na mwandikaji mzuri hufanya hivyo.

Mfano wa pili ni melanji, chakula cha mchana kinachopendwa sana na watu wa maofisini na mafundi. Vyakula hupangwa juu ya meza ndefu: wali, viazi, ndizi, maharage, isombe, mboga. Kila mtu hujipakulia sahani moja kwa bei moja, naye akijua kupanga hujenga mlima. Lakini nyama mara nyingi hutolewa na mtu aliyesimama hapo na mwiko, kwa kipimo. Mara nyingi nilikuwa mimi. Kipimo kile aliweka mwenye mali, naye aliwahesabu vipande asubuhi. Mteja akisema, "Ongeza, kwani nyama ni yako?" alisema kweli: haikuwa yangu, na ndiyo maana sikuweza kuiongeza.

Kisha huja malipo. Wengi sasa hulipa kwa simu, na muuzaji hutakiwa kutoa stakabadhi ya mashine ya kodi. Mtandao ukikatika, fedha huchelewa kuonekana, na mwandikaji hubaki katikati: mteja asema amekwisha kulipa, mtunza fedha asema bado hajaona kitu.

Tena zipo sheria. Tangu tarehe 1 Septemba 2023, mabaa na mikahawa ya Rwanda iliamriwa kufunga saa saba usiku siku za kazi, na saa nane usiku Ijumaa na Jumamosi. Mkahawa wetu haukuuza pombe, lakini rafiki yangu aliyefanya kazi Remera alinieleza taabu ya kumwambia mtu aliyekwisha kulewa kwamba muda umekwisha. Mlevi hakuitukana serikali wala mwenye baa, alimtukana mwandikaji.

Wenzetu wa kike huongezewa mzigo mwingine. Wako wateja wanaodhani kwamba aliyenunua sahani ya chakula amenunua pia ruhusa ya kumshika mkono msichana aliyeileta. Msichana akikasirika, huambiwa hajui kuhudumia watu.

Jambo linaloumiza zaidi ni mteja anayekula akatoroka. Jioni moja watu sita walikula mbele yangu, wakainuka mmoja mmoja kama waendao kunawa, wasirudi. Gharama yake ilikatwa katika mshahara wangu, nayo ilikuwa sawa na ujira wa siku nne. Na mshahara wa mwandikaji ni wa mapatano kati yake na mwenye mali. Kima cha chini cha faranga 100 kwa siku kilichowekwa mwaka 1980 kilipitwa na bei za vitu zamani sana, na sheria ya kazi ya mwaka 2018 iliacha kima kingine kipangwe kwa amri ya waziri. Kwa hiyo bakshishi ndogo si mchezo. Lakini ukiipeleka kwa simu pamoja na malipo, huingia katika hesabu ya mkahawa. Yafaa umpe mkononi.

Nikisema mkononi, nakumbuka desturi ya Kinyarwanda. Mtu akimpa mwenzake kitu kwa heshima, hutumia mikono miwili, au mkono wa kuume huku wa kushoto ukigusa mkono ule unaotoa. Ndivyo tulivyofundishwa kuleta sahani. Lakini nimewaona watu waliolelewa katika desturi hiyo hiyo wakirusha noti mezani na kuita, "We, boyi!" Neno hilo lilikuja na Wazungu, waliomwita hivyo mtumishi wao hata akiwa na mvi. Wakoloni walikwisha kwenda, na neno limebaki vinywani mwetu: umuboyi.

Sisemi kwamba waandikaji wote ni wema. Wako wavivu, na wako wenye kununa. Mteja aliyekosewa ana haki ya kulalamika. Lakini kwanza aulize kosa ni la nani. Chakula kikiwa kibichi, mwambie mwandikaji akirudishe. Hesabu ikizidi, mwite msimamizi. Maneno mawili ya salamu, "Mwiriwe" au "Habari za kazi," hayachelewishi chakula.

Na ninyi mtakaoomba kazi hii wakati wa likizo, kabla ya kuvaa aproni mwulizeni mwenye mkahawa mambo matatu: mshahara utalipwa siku gani, bakshishi ni ya nani, na mteja akitoroka nani atalipa. Majibu yake mwombeni ayaandike.