Nyumba ya Mawe na Maji ya Mvua

Sogeeni karibu na redio. Wenye karatasi hii wafuate kwa kidole, maana leo tuna maneno machache ambayo yatakuwa mageni kwa watu wa bara. Tutazungumza habari za nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja, kwa nini nyingine husimama miaka mia na hamsini, na nyingine huwaangukia watu usiku wakiwa wamelala.

Andika kwanza maneno matatu katika daftari lako: tumbawe, chokaa, boriti. Tumbawe ni jiwe la pwani lenye vitundu vingi. Chokaa ni unga mweupe upatikanao kwa kuchoma mawe hayo kwa kuni, kisha kuyamwagia maji. Boriti ni gogo jembamba la mkoko, lililonyoka na gumu.

Sasa jenga nyumba akilini mwako. Ukuta wake ni wa mawe ya tumbawe yaliyoshikanishwa kwa udongo na chokaa, na unene wake hupata nusu mita au zaidi. Boriti zimelazwa kutoka ukuta huu hadi ukuta wa pili, na juu yake zimepangwa mawe na chokaa, ndiyo sakafu ya ghorofa. Boriti haziwi ndefu sana, kwa hiyo upana wa chumba ni kama mita 3 tu. Ukiingia katika nyumba hizo ukaona vyumba virefu na vyembamba, usimcheke fundi. Kipimo kilitoka kwenye mkoko.

Ukuta wa namna hii hunywa maji. Hunywa mvua ya masika kutoka juu, na hunywa unyevu wenye chumvi kutoka chini ya ardhi. Je, ni kasoro? Hapana. Ufikirie mtungi wa udongo ulio pembeni mwa nyumba yako. Mtungi hutoka jasho, na kwa sababu hiyo maji yake huwa baridi. Ukuta uliopakwa chokaa nao hutoka jasho. Jua likiwaka, unyevu hupita katika chokaa na kwenda zake.

Saruji haifanyi hivyo. Mtu huona plasta ya chokaa inabanduka, naye huenda dukani kununua saruji, kwa kuwa ni ngumu na hukauka upesi. Ukuta hupendeza. Lakini maji yaliyomo ndani sasa yamefungiwa. Udongo ulioshika mawe hulainika, chumvi hula chokaa ya zamani, na vichwa vya boriti, ambavyo vimezama ukutani pasipo macho ya mtu, huanza kuoza. Ukitazama boriti katikati ya chumba utaiona nzima kabisa, kumbe ncha yake imekuwa kama unga.

Kwa hiyo usitazame rangi ya ukuta. Gonga plasta kwa vidole: ikilia kama debe tupu, imekwisha kuachana na mawe. Tazama kama mlango uliokuwa ukifungika vizuri sasa unakwama. Angalia kama kila asubuhi pana vumbi jeupe juu ya kitanda. Tazama ufa: weka alama ya kalamu mwisho wake, uandike tarehe, na baada ya mwezi uone kama umepita alama. Hapo utaona faida ya kujua kuandika. Na ukiona mche wa mtini umeota ukutani, usiuache kwa ajili ya kivuli. Mizizi yake hupasua mawe.

Pengine utauliza: kama mambo ni rahisi hivyo, kwa nini nyumba nyingi ziliachwa zikaharibika? Nyingi zilijengwa katika karne ya 19 na matajiri wa biashara. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, na nyumba nyingi zikawa mali ya Serikali. Nyumba iliyokuwa ya ukoo mmoja ikakaliwa na jamaa kadha wa kadha. Kodi ilikuwa ndogo, nayo haikuweza kulipa matengenezo. Bati likitoboka, nani apande juu? Wa chini haoni vujo. Wa juu hana fedha. Na kila mmoja ajua kwamba nyumba si yake. Nguvu za Serikali miaka ile zilielekea Ng'ambo, kwenye majumba mapya ya Michenzani. Wako wawalaumuo wapangaji kwamba hawakujua kukaa mjini. Mimi sioni haki katika neno hilo. Mtu hawezi kutunza paa asilokuwa na amri juu yake.

Mwaka 1985 ilianzishwa Mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe, na mwaka 2000 UNESCO iliutia mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Watalii wakaja. Nyumba ikigeuzwa hoteli, mara nyingi hupata paa jipya, na hilo ni jema. Lakini jirani huhama. Kichochoro ambacho kila baraza lilikuwa na wazee wakizungumza hadi usiku, sasa kina milango iliyofungwa. Wazee wale hawakuwa askari, lakini walimjua kila mpita njia, na mtoto akilia walijua ni wa nani.

Usidhani kuwa sifa hulinda jengo. Beit al-Ajaib lilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, nalo ni jengo kubwa na mashuhuri kuliko yote pale. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ilianguka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakafa.

Sasa, kama unakaa katika nyumba ya namna hii, anza juu ushuke chini. Kwanza paa, kisha mifereji ya maji ya mvua, kisha bomba la choo cha ghorofani, ambalo likivuja huozesha boriti kama mvua. Ukuta uwe wa mwisho, na upakwe chokaa. Kabla ya kujenga au kubadili kitu chochote, nenda kwanza Mamlaka ukaombe ruhusa. Ikiwa ufa umepita alama yako, au sakafu imeinama, usingoje ruhusa kuwahamisha watoto katika chumba hicho. Wahamishe leo.

Haya, tumalizie kwa hesabu. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Bwana mmoja ameweka juu ya paa lake la zamani matangi mawili, kila moja la lita 1,000, nayo yamejaa. Mtu mmoja tuseme ana uzito wa kilo 70. Je, ni kama watu wangapi wanaosimama juu ya boriti zake usiku na mchana? Andika jibu lako, umpe mwalimu wako kabla ya somo lijalo. Kwaherini.