Suti haihitaji sumu ili itakate

Ile harufu tamutamu inayobaki kwenye suti iliyotoka draiklina watu wengi huichukulia kuwa ndiyo harufu ya usafi. Mara nyingi huwa ni mvuke wa perkloroethilini, kwa kifupi perki, kemikali iliyotawala kazi hii duniani tangu katikati ya karne iliyopita. Draiklina haifui kwa maji. Nguo huzungushwa ndani ya kemikali inayoyeyusha mafuta, kisha mashine huichemsha kemikali hiyo, huipoza na kuirudisha kwenye tangi itumike tena. Perki ilipata umaarufu kwa sababu ya maana: petroli na jamaa zake zilizotumika kabla yake zilikuwa zikiwaka na kuteketeza maduka, ilhali perki haishiki moto. Kwa hiyo anayetaka iondolewe hana budi kuonyesha mbadala usioturudisha kwenye hatari ile ya zamani. Mbadala huo upo, nao ni maji.

Madhara ya perki yanajulikana. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa binadamu. Anayeumia kwanza ni mfanyakazi anayefungua mlango wa mashine na kutoa nguo zikiwa bado na joto: humpata kizunguzungu na maumivu ya kichwa, na akivuta mvuke huo kwa miaka mingi, ini na figo hudhurika. Halafu kuna ardhi. Perki ni nzito kuliko maji kwa zaidi ya mara moja na nusu. Ikimwagika hupenya nyufa za sakafu ya zege, huzama hadi kwenye maji ya chini ya ardhi na kukaa humo kwa miongo, huku mvuke wake ukipanda na kuingia katika nyumba zilizo juu. Katika miji yetu, ambako familia nyingi hutegemea visima, jambo hili si la kupuuza.

Jimbo la California, Marekani, limeonyesha kwamba inawezekana kuachana na perki bila kuua biashara kwa siku moja. Sheria ya mwaka 2003 iliweka tozo kwenye kila galoni ya perki, ikianzia dola 3 na kupanda mwaka hadi mwaka. Kutokana na fedha hizo ikatolewa ruzuku ya dola 10,000 kwa mwenye duka aliyehamia kwenye maji au kwenye kaboni dayoksaidi ya kimiminika. Mwaka 2007 ikapitishwa kanuni iliyozuia mashine mpya za perki kuanzia 2008, na kutaka zote ziwe zimeondolewa ifikapo Januari 1, 2023. Desemba 2024 serikali kuu ya Marekani nayo ilitoa kanuni ya kuiondoa perki katika draiklina kwa awamu ndani ya miaka 10.

Hata hivyo, California kwenyewe wengi walihamia kwenye kemikali nyingine zitokanazo na petroli, ambazo zinawaka na mvuke wake huchafua hewa. Wengine Marekani walijaribu propili bromidi, ikabainika kuwa inadhuru mishipa ya fahamu. Huko ni kuruka majivu na kukanyaga moto. Kubadili dawa huku njia ikibaki ileile hakutoshi, hata kama mlangoni pamebandikwa tangazo la “rafiki wa mazingira”.

Mwenye duka atauliza: suti ya sufu ikitiwa maji haitanywea? Swali ni la haki, lakini maji peke yake hayana kosa. Uzi wa sufu una magamba madogo, na nguo ikipigwapigwa ndani ya maji ya moto magamba hayo hushikana, nayo hunywea. Njia iliyoanza Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1990 inazuia hilo: mashine inayoongozwa na kompyuta huzungusha nguo polepole katika maji ya baridi au vuguvugu yenye sabuni laini, ukaushaji husimamishwa nguo ikiwa bado na unyevu kidogo, kisha koti huvutwa kwenye kifaa cha kulinyoosha ndipo lipigwe pasi. Isitoshe, jasho na soda hutoka vizuri zaidi kwa maji kuliko kwa perki. Zipo nguo chache ambazo maji huziharibu, na fundi mzoefu huzitambua.

Na uhaba wa maji je? Mashine nyingi za perki nazo hutumia maji kupozea mvuke, na umeme wa kuchemshia kemikali kila mara, halafu huacha tope lenye sumu lisilo na pa kutupwa. Maji ya sabuni nayo hayafai kuachwa yatiririke mtaroni, ila ni rahisi kuyashughulikia kuliko tope hilo. Gharama ya kununua mashine mpya ndiyo hoja nzito zaidi, na ndiyo maana tozo na ruzuku vinapaswa kutangulia marufuku.

Tanzania na Kenya ziliweza kupiga marufuku mifuko ya plastiki, moja mwaka 2019 na nyingine 2017. Basi NEMC na NEMA, mamlaka za mazingira za nchi hizo, zizuie sasa uingizaji wa mashine kuukuu za perki, kwa kuwa zinazofukuzwa kwingine zitatafuta pa kwenda. Nawe msomaji, kabla ya kukabidhi suti yako, tazama lebo iliyoshonwa ndani: duara lenye herufi W maana yake nguo hiyo inaweza kusafishwa kitaalamu kwa maji. Mwulize mwenye duka anatumia nini. Akishindwa kukujibu, peleka nguo yako kwingine.